Sumu isiyoondoka kwa kuchemsha maji

Tangu madrasa tumefundishwa kuyaangalia maji ya tohara kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kwa maji ya kunywa vipimo hivyo havitoshi, kwani ipo sumu iitwayo aseniki isiyo na rangi, ladha wala harufu.

Bangladesh ililijua hilo kwa machungu. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu ili watu waepukane na maji machafu ya madimbwi. Kuanzia mwaka 1993 ikabainika kuwa visima vingi vina aseniki itokayo ardhini. Anayeyanywa maji hayo miaka mingi hutokwa na mabaka mwilini na sugu viganjani, na huweza kupata saratani ya ngozi, kibofu au mapafu.

Utasema, "Nitachemsha." Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi aseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu huzidi kukolea.

Kinachoinasa ni oksidi ya chuma, jamaa ya kutu. Aina yake nyeusi, magnetaiti, huvutwa na sumaku. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kuwa chembe zake ndogo mno hunasa aseniki, kisha sumaku ya kawaida huzitoa majini pamoja na sumu.

Tatizo, chembe hizo hupenda kugandana. Kwa hiyo watafiti wengine huzipandikiza juu ya nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele mara mamia. Njia mojawapo ni kuchanganya nyuzi na maji yenye chumvi za chuma, kisha kutia alkali. Chembe nyeusi hujishikiza kwenye nyuzi. Baadaye hupimwa kwa eksirei, darubini ya elektroni na nguvu za sumaku. Vipimo hivyo ni muhimu: zikigeuka kutu nyekundu, sumaku huzivuta kwa udhaifu, na unga wenye sumu hubaki majini.

Basi usijaribu kutengeneza dawa hiyo nyumbani. Familia au kamati ya msikiti inayochimba kisima ipeleke maji maabara kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri aseniki isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Ikizidi, tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia. Kiafya, hayo yanaweza kutumika kufulia, kuoga na kutawadha, ilimradi yasimezwe.