Kiti cha kurudia nyumbani

NILIPOWAAMBIA wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Lunyo watunge hadithi ya safari, nilitarajia basi la Kampala, mashua ya Majanji au, kwa aliye mbunifu sana, ndege ya Entebbe. Kundi moja la wanafunzi watano likaniletea chombo cha anga.

Wala hakikuwa chombo cha wanasayansi. Kilikuwa cha watalii. Ndani yake mlikuwa na mfanyabiashara wa mitumba kutoka Tororo, mbunge na mlinzi wake, maharusi waliokuwa fungateni, mama muuza samaki aliyeshinda tiketi kwa bahati nasibu, na Mzungu mmoja asiyesema na mtu. Ukimhesabu rubani, walikuwa wanane. Wanaizunguka dunia mara tatu wakipiga picha, kisha injini zinazimika. Redio inakufa. Hewa imebaki ya siku sita.

Darasa lilichangamka kupita kiasi. Mbunge alidai hewa zaidi kwa sababu ya cheo chake. Mfanyabiashara wa mitumba alianza kuwauzia wenzake maji. Lakini hadithi ilipokaribia kwisha, watunzi walikwama pamoja na chombo chao. Wawili walitaka abiria wote wafe. Mmoja alipendekeza malaika. Ndipo msichana mmoja, ambaye mamake huuza mahindi mpakani, alipoinua mkono.

"Mwalimu, na wakishuka, watashukia nchi ya nani? Wataruhusiwa kuingia bila karatasi?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Swali hilo nimeishi nalo tangu nikiwa na umri wa miaka saba.

Majuma mawili ya Mama

Ilikuwa mwaka wa 1987, wakati wapiganaji wa Alice Lakwena walipopita upande wa Tororo wakielekea Jinja. Watu wazima walinong'ona usiku kucha, na alfajiri tukavuka mto Sio kwenda Funyula, Kenya, kwa shangazi ya baba. Wasamia tuko pande zote mbili za mto. Mpaka ndio uliotukuta. Mama alituambia tungekaa majuma mawili. Kila mtoto alibeba nguo moja.

Desemba mwaka uo huo, wanajeshi wa Kenya na wa Uganda walifyatuliana risasi pale Busia, na habari ya kurudi ikazimika. Majuma mawili ya Mama yakawa miaka 16. Nilisomea huko shule ya msingi, sekondari na hata chuo cha ualimu. Kiswahili hiki ninachowafundishia watoto wa Lunyo nilikipata ugenini, ambako wenzangu waliniita "Mganda". Niliporudi mwaka wa 2003, hapa kwetu nikaitwa "Mkenya".

Jambo moja halinitoki akilini. Miaka miwili ya kwanza Mama alikataa katakata kupanda muhogo. Muhogo, alisema, ni wa mtu anayekaa, kwa sababu unaungoja mwaka mzima. Alipanda sukuma, kunde na mchicha, vitu vya kuliwa baada ya majuma machache. Mwaka wa tatu nilitoka shuleni nikamkuta shambani na jembe na pingili za muhogo. Hakusema neno. Nami nikajua haturudi karibuni.

Watalii wa kweli

Nilirudi darasani siku iliyofuata na kuwaambia watoto kwamba hadithi yao haikuwa mbali na ukweli. Utalii wa angani upo. Aprili mwaka wa 2001, tajiri wa Marekani, Dennis Tito, alipanda chombo cha Urusi kiitwacho Soyuz na kukaa angani kwa muda wa juma moja hivi. Inasemekana alilipa takriban dola milioni 20. Mwaka mmoja baadaye alimfuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Wakati huo nilikuwa chuoni, na nakumbuka tulivyogombania gazeti lenye picha yake.

Waliandikia wapi kwamba ni mbali? Kituo cha kimataifa cha anga za juu kinapita umbali wa kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Huo ni umbali wa kutoka Busia hadi Kampala na kurudi, safari ambayo wafanyabiashara wengi wanaosoma ukurasa huu huimaliza kwa siku moja. Kituo huizunguka dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Jioni moja tulitoka uwanjani tukakiona kikipita juu ya miembe, nyota kubwa isiyometameta, dakika chache tu, kisha kikatoweka. Watoto walikipungia mkono.

Siku nane zilizogeuka 286

Je, watu wamewahi kukwama huko? Juni 5, 2024, wanaanga wawili wa Marekani, Butch Wilmore na Suni Williams, walirushwa wakiwa ndani ya chombo kipya cha Starliner, kilichoundwa na kampuni ya Boeing. Hawakuwa watalii, walikwenda kukijaribu. Walitarajiwa kukaa siku nane hivi. Njiani gesi ya helia ilivuja, na baadhi ya injini ndogo za kukiongoza chombo zikagoma.

Hata masanduku yao ya nguo yaliachwa chini, ili kupatikane nafasi ya pampu ya mtambo unaosafisha mkojo kuwa maji ya kunywa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka nguo yangu moja ya mwaka wa 1987.

Wakuu wa NASA walijadiliana majuma mengi. Mwezi wa Agosti wakaamua kwamba Starliner irudi bila mtu, na Septemba ikatua salama jangwani New Mexico. Wawili hao wakabaki. Walifanya utafiti, walitengeneza vilivyoharibika, na Williams akawa akimwagilia letasi nyekundu iliyooteshwa humo humo kituoni. Naye alipanda mboga za majani! Walitua baharini karibu na Florida mnamo Machi 18, 2025, baada ya siku 286.

Dunia nzima ilisema wamekwama. Wao wenyewe walikana, na hapa ndipo niliwataka wanafunzi wasikilize vizuri. Katika kituo kile kuna kanuni: kila aliyemo lazima awe na kiti katika chombo kilichoegeshwa mlangoni, ili hatari ikizuka aingie na kurudi duniani. Katika Soyuz, kiti hata hufinyangwa kulingana na umbo la mwenyewe. Starliner ilipoondoka, Wilmore na Williams walikuwa hawana viti. Kwa majuma matatu hivi walitengewa nafasi ya dharura kwenye sehemu ya mizigo ya chombo kingine, wakilaliwa na sifongo. Mwishoni mwa Septemba kikawasili chombo cha Dragon chenye watu wawili badala ya wanne. Viti viwili vilikuwa vitupu. Vilikuwa vyao.

Tangu siku hiyo walikuwa mbali, lakini hawakuwa wamekwama.

Aliyerudi akakuta nchi haipo

Kisa cha pili kinawahusu zaidi wale wenzangu waliorudi nyumbani. Mei mwaka wa 1991, Sergei Krikalev aliondoka Baikonur kwenda kituo cha Mir, akiwa raia wa Muungano wa Kisovieti. Alipangiwa kukaa miezi mitano hivi. Fedha zilikuwa haba, safari mbili zikaunganishwa kuwa moja, na wageni waliopewa nafasi katika safari hiyo hawakuwa na ujuzi wa kushika kazi yake. Akaombwa abaki. Angeweza kushuka, maana chombo cha kurudia kilikuwapo, lakini kituo kingebaki bila fundi mzoefu.

Wakati yeye akizunguka juu, huku chini mji wake wa Leningrad ulibadilishwa jina ukawa St Petersburg. Kazakhstan, iliko Baikonur, ikawa nchi huru. Desemba 1991 Muungano wenyewe ukavunjika. Alitua Machi 25, 1992, baada ya siku 311, naye sasa alikuwa raia wa Urusi.

Wanafunzi walimwonea huruma. Mimi niliwaza jinsi nilivyorudi Lunyo nikakuta njia ya kwetu imelimwa, mti wa mpaka wa shamba umekatwa, na vijana wakiniuliza kwa adabu natafuta nyumba ya nani. Lakini Krikalev alikuta madaktari wakimngoja wamshike mikono. Nchi ilikuwa imebadilika jina. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Ambaye hakuwa na kiti

Yafuatayo sikuwaambia wanafunzi. Dadangu mdogo alizaliwa Funyula mwaka wa 1990, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Hakuna aliyefikiria cheti cha kuzaliwa. Tulikuwa tunarudi "mwakani". Alipofikisha miaka 18, ofisi moja ya upande wa Kenya ilimwambia wazazi wake ni wa Uganda. Ofisi ya upande huu ikamtaka athibitishe kwamba babake alizaliwa hapa. Baba tulikuwa tumemzika ugenini, na karatasi zake ziliisha na mchwa.

Basi akaishi hivyo, akiuza omena Busia, akipita njia za panya kama ndege apitavyo. Hatukuona haja ya haraka. Yeye mwenyewe alituambia mpaka haujawahi kumzuia mtu.

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa watu kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, nanyi mnakumbuka foleni za Malaba na Busia zilivyorefuka. Mama, ambaye alikuwa amerudi Lunyo pamoja nami, aliugua mwezi wa Mei. Dadangu alikuwa ng'ambo ya mto, mahali ambapo jogoo wa huku akiwika husikika. Ni kweli kwamba mwaka ule hata wenye vitambulisho walitaabika. Lakini mwenye kitambulisho alikuwa na mlango wa kubisha. Yeye, kila alipowaza kujitokeza, aliogopa kwamba angeshikwa na pande zote mbili zimkane.

Alizungumza na Mama kwa simu kila jioni. Mama alifariki mwezi wa Juni. Dadangu alifika usiku, siku tatu baada ya mazishi, viatu mkononi, akatuamsha kwa kugonga dirisha. Alikaa kaburini hadi kulipokucha, akavuka tena. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye niliyejua kuandika barua, nami ndiye niliyesema "tutashughulikia" kwa miaka 12.

Tulishughulikia baada ya hapo. Ilihitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, wazee wawili wa ukoo walioapa kwamba wanamfahamu baba, na safari zisizohesabika. Alipata kitambulisho mwaka wa 2023.

Karatasi ya wanaanga

Nilimjibu yule msichana, ingawa nilichelewa. Mwaka wa 1968 mataifa yalifanya mapatano kwamba wanaanga wakianguka katika nchi yoyote kwa ajali, nchi hiyo lazima iwaokoe na kuwarudisha bila kukawia. Hawaulizwi viza. Mkataba mwingine wa mwaka wa 1967 unawaita wajumbe wa wanadamu wote. Tatizo ni kwamba mapatano hayo yanataja wafanyakazi wa chombo. Mtalii aliyelipa nauli je? Wanasheria bado wanabishana.

"Kwa hivyo muuza samaki wetu anaweza kuzuiwa?" akauliza.

"Anaweza kucheleweshwa," nikasema.

Wenzangu mliorudi, na ninyi mnaovuka kila asubuhi na magunia na mayai, ninawaomba mfanye jambo moja mwezi huu. Fungueni lile sanduku la chini ya kitanda, mhesabu. Mtoto yupi hana cheti cha kuzaliwa? Kadi ya kliniki ya nani imepotea? Mzee yupi wa ukoo bado yu hai anayeweza kushuhudia kwamba fulani ni mwana wa fulani? Nendeni kwake kabla hajaaga dunia. Mpaka wa Busia umekuwa na kituo cha pamoja tangu mwaka wa 2018, na kuvuka ni rahisi kuliko zamani. Urahisi huo ndio unaotusahaulisha.

Hadithi ya watoto ilimalizika vizuri. Chombo cha uokoaji kinakuja na viti saba, ilhali watu ni wanane, na cha nane kinatengenezwa kwa godoro la maharusi. Wanatua ziwani, karibu na Majanji. Wavuvi wanawavuta hadi ufukweni, na hapo wanamkuta ofisa mwenye daftari anayetaka karatasi. Wote wanapapasa mifuko. Mama muuza samaki anatoa kitambulisho chake kifuani, kimefungwa katika nailoni, kikavu kabisa, na ni yeye anayewadhamini wenzake wote.

Nilimwuliza msichana kwa nini hakumchagua mbunge awadhamini.

"Mwalimu," akasema, "mbunge haulizwi karatasi. Angejuaje kuitunza?"