Usiitupe printa kuukuu ya leza kabla ya kuiongezea memori

Na Mwandishi Wetu, London

Ilikuwa usiku wa Alhamisi, yapata saa nne na nusu. Sebuleni kwangu tulikuwa watu watatu, kompyuta moja na printa ya leza niliyoinunua mtumba miaka mingi iliyopita. Tulikuwa tunachapisha ratiba ya ibada ya kumuaga dada yetu mmoja wa hapa mjini. Ibada ilikuwa Jumamosi, na Jumapili mwili ulikuwa unasafirishwa kwenda nyumbani. Zilitakiwa nakala 150: nyingine za kanisani hapa, nyingine za kutiwa kwenye sanduku la mdogo wa marehemu aliyekuwa anasindikiza mwili, ili na waombolezaji wa kijijini wapate.

Ukurasa wa kwanza ulitoka na nusu ya uso. Paji na macho yalikuwepo, chini ya pua ilikuwa karatasi nyeupe tupu. Printa ikatoa karatasi ya pili yenye mdomo na kidevu peke yake, halafu taa zikaanza kuwaka na kuzima. Mdogo wa marehemu akaishika ile karatasi, akanitazama.

"Kaka, dada hawezi kwenda nyumbani hivi," alisema.

Wazo lililonijia kwanza ni lile linalomjia kila mtu: hii printa imekwisha, tununue nyingine. Lakini fedha za mchango zilikuwa zimeshakwenda kwenye jeneza, kibali na tiketi. Usiku ule tulipona kwa njia ambayo haikugharimu hata senti. Wiki iliyofuata niliiongezea ile printa memori kwa pauni 7, posta ikiwa ndani yake, na tangu siku hiyo haijakata tena sura ya mtu.

Naandika haya kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu, walio ughaibuni na walio nyumbani, wana printa ya namna hii. Iko kwenye ofisi ya chama, madrasa, parokia au steshenari ya mtaani. Nyingi hutupwa zikiwa nzima, kwa kosa la kukosa kibao kimoja chembamba.

Kwa nini ukurasa hukatika

Printa ya wino wa maji huchapisha mstari kwa mstari. Data ikichelewa husimama, ikingoja, kisha huendelea. Printa ya leza haiwezi kufanya hivyo. Karatasi ikishaanza kupita chini ya silinda, lazima ipite yote kwa mwendo ule ule. Ni kama mtu aliyekwisha kuruka mtaro: hawezi kusimama hewani akafikiri. Kwa hiyo printa inahitaji mahali pa kuuweka ukurasa tayari kabla mwanga wa leza haujaupitia, na mahali hapo ndipo panaitwa memori.

Hesabu yenyewe si ngumu. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27 na urefu wa inchi 11.69. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa mzima una nukta karibu milioni 8.7. Nukta 8 hukaa katika baiti moja, kwa hiyo unahitaji megabaiti 1 hivi. Kwa nukta 600 unahitaji megabaiti 4 na ushei. Kwa nukta 1200 unakaribia megabaiti 17. Yaani kila unapozidisha nukta mara mbili, mzigo unazidi mara nne.

Sasa angalia printa zenyewe. HP LaserJet ya kwanza, iliyotoka mwaka 1984 kwa bei ya dola 3,495, ilikuwa na kilobaiti 128 tu. LaserJet 4 ya mwaka 1992 ilileta nukta 600 kwa inchi, lakini ya kawaida ilitoka kiwandani na megabaiti 2. LaserJet 1200 ya mwaka 2001 ilikuwa na megabaiti 8.

Utauliza, basi zilichapishaje? Jibu ni kwamba barua ya maneno matupu ni nyepesi. Printa haihitaji kuweka kila nukta ya kila herufi. Huweka umbo la herufi mara moja tu, kisha huujenga ukurasa vipande vipande kadiri karatasi inavyosogea. Mambo huharibika pale panapoingia picha kubwa, ramani, nembo yenye rangi nyingi au faili la PDF lenye fonti kumi. Hapo nafasi hujaa, au printa huzidiwa na mwendo wa karatasi. Kwenye LaserJet nyingi zenye kioo, kosa la kujaa memori huonekana kwa namba 20, na la kuzidiwa mwendo kwa namba 21. Printa ndogo zisizo na kioo huwasha taa tu.

Anza na dawa za bure

Kabla ya kutoa fedha, jaribu haya.

Kwanza, fungua setingi za printa kwenye kompyuta, ushushe nukta kutoka 600 hadi 300. Mzigo utashuka hadi robo.

Pili, punguza picha yenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu za siku hizi ni kubwa kupita kiasi kwa kazi hii. Picha ya upana wa inchi 4 ikiwa na pikseli 800 hadi 1200 kwa upana inatosha kabisa kwenye karatasi nyeusi na nyeupe.

Tatu, kama ni PDF inayosumbua, tafuta kwenye programu yako sehemu ya kuchapisha faili kama picha. Kompyuta ndiyo itakayobeba kazi ya kupanga fonti na michoro, na printa itapokea ukurasa uliokwisha kupikwa.

Nne, kama printa yako ina draiva mbili, ya PostScript na ya PCL, jaribu ya PCL. Kwa kawaida hii hula memori kidogo zaidi.

Usiku ule sisi tulifanya la kwanza na la pili. Ukiitazama ile karatasi kwa karibu ungeona vinukta, lakini sura ilitoka nzima, na tabasamu lake lilikuwepo.

Je, printa yako inakubali kuongezwa?

Hapa wengi huliwa fedha zao. Si kila printa ya leza ina nafasi ya kuongeza memori. Zipo zilizotengenezwa kwa bei ya chini, ambazo kazi yote ya kupanga ukurasa hufanywa na kompyuta. Mfano ni LaserJet 1020 ya mwaka 2005: ina megabaiti 2 na haina pa kuongezea. Kwa printa ya aina hiyo usitafute kibao, kwani hakipo. Tumia dawa za bure tulizozitaja.

LaserJet 1200 ina nafasi moja, na huweza kufika megabaiti 72, yaani 8 zake za kuzaliwa na kibao cha 64. Printa kubwa za ofisini mara nyingi zina nafasi mbili au tatu. Tafuta kitabu cha printa yako kwenye intaneti, usome mambo mawili: aina ya memori na kiwango cha juu inachokubali.

Printa za kizazi cha LaserJet 4 hutumia vibao vya pini 72. Zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia vibao vya pini 100. Memori za kompyuta za mezani za wakati huo zilikuwa za pini 168, kisha 184, kwa hiyo kile ulichokitoa kwenye kompyuta yako kuukuu hakitaingia kwenye nafasi ya pini 100. Usikilazimishe. Aidha, hata ndani ya pini 100 kuna aina tofauti, kama SDRAM ya zamani na DDR iliyokuja baadaye, na moja haishiki nafasi ya nyingine.

Kuhusu kiasi, usiwe na tamaa. Kwa kazi za chama, shule au kanisa, kuongeza megabaiti 32 au 64 kunatosha na kubaki. Mahali pa kutafuta ni kwenye minada ya intaneti, kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, na hasa kwa mafundi wa printa na fotokopi. Fundi mwenye rundo la printa mbovu huwa na memori nzima ndani yake. Printa hufa kwa roli au kwa joto, ni nadra kufa kwa memori.

Namna ya kukiweka

Zima printa. Chomoa waya wa umeme na waya wa kompyuta. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli utoke mwilini, kwani ndio unaoua chipu kimyakimya. Fungua mlango wa bodi, ambao kwa printa nyingi uko ubavuni.

Shika kibao kwenye kingo, usiguse pini. Linganisha mapengo yake na ya kwenye nafasi, kisha kisukume taratibu hadi vishikizo vijifunge. Kikikataa, kitoe utazame upya. Ukikuta kibao kingine humo ndani, usiking'oe kabla ya kujua ni cha nini. Kwenye baadhi ya printa kibao kinaweza kuwa na fonti, au programu yenyewe ya printa.

Funga, rudisha waya, washa, kisha chapisha ukurasa wa taarifa za printa. Kwenye LaserJet 1200 unashikilia kitufe cha Go kwa sekunde 5. Hapo utaona jumla ya memori. Kama namba haikupanda, kibao hakikukaa vizuri au si aina yake.

Baki jambo moja ambalo wengi husahau. Fungua draiva kwenye kompyuta, nenda kwenye sehemu ya vifaa vilivyofungwa, uandike kiasi kipya cha memori. Usipofanya hivyo, kuna draiva zitakazoendelea kuipimia printa yako kwa kibaba cha zamani.

Memori haitibu kila ugonjwa

Tuseme ukweli. Memori haitaondoa madoa, haitaleta weusi uliofifia, wala haitazuia karatasi kukwama. Hayo ni mambo ya tona, silinda na roli. Wala haitaifanya printa ya kurasa 15 kwa dakika itoe 30.

Vile vile, ndugu zetu wa Marekani wanaotaka kupeleka printa nyumbani wasome kibandiko cha nyuma kwanza. Printa nyingi za leza za huko ni za volti 110 hadi 127, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Afrika Mashariki umeiua. Lakini kibao cha memori hakina volti ya nchi. Kinaingia kwenye bahasha, kinaingia kwenye mfuko wa shati la anayesafiri. Kama shule ya kijijini kwenu tayari ina printa inayokata kurasa za mitihani yenye michoro, uliza aina yake, na hiyo ndiyo zawadi ya kupeleka.

Zile nakala 150 tulizimaliza saa nane za usiku. Mimi ni katika wale ambao kwa sasa hawawezi kurudi kuzika. Nilizifunga kwa raba, nikamkabidhi shemeji, akaziweka juu kabisa kwenye sanduku ili zisijikunje. Jumanne alinipigia simu kutoka msibani. Alisema zimegawiwa zote, na mama mzazi wa marehemu ameomba nyingine moja ya kubandika ukutani.

Niliichapisha upya baada ya kile kibao kufika. Safari hii kwa nukta 600.