Je, Wajua? Filamu, Dekoda na Mega Kisangani

JE, WAJUA kuwa Hollywood iliwahi kupiga kambi kusini mwa Kisangani? Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya *The African Queen* kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, leo Ubundu. Filamu hiyo ndiyo iliyompa mwigizaji Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar.

JE, WAJUA kuwa mwongozaji Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliufikisha mji wetu kwenye tamasha la filamu la Cannes? Katika *En route pour le milliard* aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 mjini Kisangani wakishuka mto hadi Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700, kudai fidia. Mvua iliwanyeshea botini, nao wakajibana chini ya maturubai. Mwaka 2020 ikawa filamu ya kwanza ya Kongo kuteuliwa rasmi Cannes.

JE, WAJUA tofauti ya dishi na intaneti? Setilaiti hurusha mawimbi mara moja, yakapokewa na dishi moja la hapa Makiso au mamilioni ya madishi ya bara zima kwa gharama ile ile. Intaneti humpelekea kila mtazamaji nakala yake. Kwa hiyo unalipa mara mbili: abonema kwa wenye filamu, mega kwa kampuni ya simu.

JE, WAJUA saa moja ya filamu kwenye Netflix hula mega ngapi? Picha safi ya HD hufika giga 3. Ukishusha ubora hadi chini, ni takriban mega 300. Pitia mipangilio kabla ya kubonyeza.

JE, WAJUA kuwa Netflix ilianzishwa 1997 ili kukodisha DVD kwa posta? Ilianza kuonyesha filamu kwa intaneti 2007, na Januari 2016 ikafungua nchi zaidi ya 130 kwa siku moja. DVD ya mwisho iliituma Septemba 2023.

JE, WAJUA kuwa sasa Netflix inapitia mlango wa dekoda? Juni 2025 ilikubaliana na Canal+ kuingia kwenye huduma zake katika nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Septemba mwaka huo huo Canal+ ikainunua MultiChoice, yenye DStv, na wateja wao kwa pamoja wakapita milioni 40.

JE, WAJUA kuwa Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipigwa marufuku Kongo Machi 2024, kisha ikapewa leseni Mei 2025? Mtazamaji aliye mbali na mnara wa simu sasa ana njia nyingine.

JE, WAJUA kuwa mwaka 2023 Netflix iliwabana wanaogawana neno la siri na watu wa nyumba nyingine? Kwetu abonema moja, hata ya dekoda, ni ya lupango mzima. Jioni ya mechi runinga hugeuzwa dirishani, watoto hukaa mkekani, wazee hupewa viti, na aliyechelewa husimama nyuma na tochi yake. Umeme ukikatika, watu hutawanyika, ila siku za abonema zinaendelea kuhesabiwa.

Hapo ndipo biashara ya abonema inapotudai tupaze sauti. Tuombe abonema ya siku au ya wiki, inayolingana na umeme wetu na mfuko wetu. Tuombe pia filamu za Hamadi ziwe kwenye orodha tunayoilipia. Majeruhi wale walishuka mto hadi Kinshasa ili wasikike. Majirani zao wa Kisangani wasikose kuwaona.