Alisema "Nikuage", Mimi Nikasikia "Nikuache"

Umewahi kummalizia mwenzako sentensi kabla hajafika mwisho? Wengi tunadhani hiyo ndiyo dalili ya kupendana. Mimi ilinigharimu nauli ya Maramba, na kidogo initoe roho.

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwenzangu alikuwa kwao Maramba, wilayani Mkinga, mkoa wa Tanga. Alikwenda kumuuguza mama yake. Mimi nilibaki Dar na kazi zangu, na siri yangu. Pesa ya kodi tuliyoiweka pamoja nilikuwa nimemkopesha rafiki bila kumwambia. Aligundua akiwa huko huko, mwenye nyumba alipompigia yeye simu. Si unajua tena? Tukagombana kwenye simu siku tatu mfululizo.

Usiku wa nne akanipigia. Mtandao ulikuwa unakatakata, sauti inakuja na mikwaruzo kama redio iliyokosa stesheni. Tukaongea kidogo, kwa ubaridi. Kisha nikamsikia, wazi kabisa: "Nataka nikuache." Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nilipiga mpaka saa nane usiku.

Nimpigie mama mkwe, mgonjwa, usiku ule, nimuulize kama binti yake ameniacha? Hapana jamani. Alfajiri nikapanda basi la Tanga, pale Kange nikabadilisha gari, na alasiri nikaingia Maramba na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko? Mbona hukusema kama unakuja?"

"Kwema mama. Nimekuja kukuangalia."

Mwenzangu akatokea na ndoo ya maji. Aliponiona akaitua. "Wewe! Umefuata nini huku?"

Tulikaa nyuma ya nyumba, chini ya mchungwa, nikamwambia nilichosikia. Akanitazama muda mrefu.

"Nilisema nikuage," akasema. "Simu ilikuwa inaisha chaji, na umeme hatuna tangu juzi. Nilitaka nikuage nikalale."

Nikuage. Nikuache. Sauti moja tu katikati, na hiyo moja ndiyo iliyomezwa na mikwaruzo.

Masikio yanapokea, ubongo unajaza

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mimi sikusikia pengo. Nilisikia "ch". Mpaka leo naweza kukuapia. Niliporudi Dar nikaanza kusoma, na kumbe jambo hili wataalamu wanalijua zamani.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Warren, aliifuta kabisa sauti moja ndani ya neno lililorekodiwa, mahali pake akaweka kikohozi. Akawasikilizisha watu 20. Waliosema hakuna sauti yoyote iliyokosekana walikuwa 19! Yule mmoja aliyesema kuna kitu kimepungua, alitaja sauti ambayo haikuwa imefutwa. Yaani ubongo uliijaza ile nafasi kimya kimya, na mwenye ubongo hakupewa taarifa.

Unajazaje? Kwa kubashiri. Ubongo haukai kusubiri sauti ifike ndipo uanze kuitafuta maana. Muda wote unakisia kinachofuata, halafu unalinganisha na kilichokuja. Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake walionyesha jambo hili kwa kupima umeme wa ubongo. Mtu anasikilizishwa sauti ile ile, tena na tena, halafu inaingizwa tofauti kidogo. Ubongo unashtuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, hata kama mwenyewe anasoma kitabu na wala hajali hizo sauti. Ni kama mashine ya kusaga jirani na kwenu: ikiunguruma huisikii, ikibadilisha mlio unainua kichwa.

Kwenye muziki ndiyo usiseme. Aliyekulia Tanga, mji wa taarab ya Black Star na Lucky Star, anajua hali hii: redio ikikatika katikati ya wimbo unaoupenda, kichwani wimbo unaendelea. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapigia watu nyimbo huku wakikata vipande vifupi na kuacha kimya. Kwa nyimbo walizozizoea, sehemu za ubongo zinazoshughulikia usikivu ziliendelea kufanya kazi wakati wa ule ukimya, kuliko kwa nyimbo wasizozijua. Unachokizoea, unakisikia hata kisipokuwepo.

Sasa rudi kwenye simu yangu. Kiswahili chetu kinaweka mzizi wa kitenzi baada ya viambishi. Ukisema "nataka nikua...", bado hujasema kitu. Inaweza kuwa nikuage, nikuambie, nikuazime, nikuache. Msikilizaji ndiye anayechagua, na anachagua kutokana na alichonacho moyoni. Mimi nilikuwa na hatia ya pesa ya kodi na ugomvi wa siku tatu. Ubongo wangu ungechagua nini kingine?

Mapenzi hayazibui masikio

Unaweza kusema, basi tuache kubashiri. Haiwezekani, bwana! Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walitoa utafiti wa mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali. Kati ya swali la mtu na jibu la mwenzake, kwa wastani hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Lakini kuandaa hata neno moja tu kichwani kunachukua zaidi ya nusu sekunde. Piga hesabu: ili ujibu kwa wakati, inabidi uanze kuandaa jibu mwenzako akiwa bado anaongea. Bila kubashiri, mazungumzo yangekuwa ya kuvutana kama gari bovu.

Na kuzoeana kuna faida yake. Mwaka 2013 Ingrid Johnsrude na wenzake, huko Kanada, walichapisha utafiti juu ya wanandoa wa miaka 44 hadi 79, walioishi pamoja miaka 18 au zaidi. Watu wawili walipoongea kwa wakati mmoja, ilikuwa rahisi zaidi kuelewa sauti ya mume au mke kuliko ya mgeni. Pale Maramba nimeyaona. Bibi yake mwenzangu masikio yamechoka, ukimsalimia unarudia mara tatu. Babu akinong'ona kutoka chumbani, bibi anaitika.

Ila sikia hii: kwa wale wa umri wa kati, sauti ya mwenza ilikuwa rahisi pia kuipuuza pale walipoambiwa wamsikilize mgeni. Akina dada, msinipige!

Tatizo linaanza pale mazoea yanapogeuka kuwa uhakika. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky na wenzake waliwapanga wanandoa kwenye viti, wamepeana migongo, kila mmoja akisie mwenzake anamaanisha nini kwa maneno yenye maana zaidi ya moja. Hawakuelewana vizuri kuliko walivyoelewana na watu wasiowajua kabisa. Lakini wao waliamini wanaelewana zaidi. Hapo ndipo ndoa nyingi zinapojikwaa.

Mwenzangu aliniambia jambo hilo hilo bila kusoma utafiti wowote. "Tangu tuoane unanimalizia sentensi. Nikianza tu, umeshajua. Nilikuwa naona raha. Lakini jana umemalizia peke yako, ukaniacha ukaondoka na yako."

Somo la bibi

Jioni ile watoto wa nyumbani walikaa kwa bibi kutegeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Akianza tu, wanapiga kelele na jibu. Cha tatu akakianza kama kile walichokizoea, wakadaka jibu juu juu, naye akakimalizia kwa namna nyingine kabisa. Wakabaki wanatazamana.

"Mmejibu nilichosema jana," bibi akasema. "Leo nilikuwa bado sijamaliza."

Mwenzangu akanikanyaga mguu.

Jaribuni haya

1. Mambo mazito msiyaongee kwenye mtandao mbovu. Pengo likitokea, hofu ndiyo italijaza. Sema, "Sijakusikia, rudia," hata kama unahisi umesikia.

2. Uliza kabla ya kukasirika. "Umesema nikuache?" Maneno mawili tu yangenipa usingizi na nauli yangu.

3. Mwache amalize. Kummalizia sentensi kwenye utani ni raha. Kwenye ugomvi, unajibu mtu wa kichwani mwako.

4. Angalia umebeba nini moyoni. Mwenye siri husikia mashtaka hata kwenye salamu.

Namba nne ndiyo iliyonibana mimi. Kabla ya kulala nilimweleza mwenzangu yote: nani nilimkopesha, kiasi gani, na kwamba sikuwa na hakika kama pesa itarudi. Alinyamaza. Nikaanza kukisia kichwani atakachosema, kila neno baya ninalolijua likapita. Nikajizuia, nikasubiri.

"Kesho," akasema, "tutampigia mwenye nyumba pamoja. Na kadi ya benki itakaa kwangu."

Hilo, mpenzi msomaji, sikulibashiri hata kidogo.