Gumba au Kidole cha Mwisho: Njia Mbili za Mkononi za Kuufikia Moyo

Anayesafiri kutoka Handeni kwenda Dar es Salaam ana njia mbili za lami za kuifikia barabara kuu. Ya kwanza, kilomita 54, humtoa moja kwa moja Mkata. Ya pili huelekea kaskazini hadi Korogwe, kilomita 65, ikapita Segera na kurudi kusini mpaka Mkata ile ile. Mkono wa binadamu umeumbwa kwa hesabu hiyo hiyo. Chini kidogo ya kiwiko, mshipa mkubwa unaoshusha damu hugawanyika: ateri ya radiali hufuata upande wa gumba, ateri ya ulna hufuata upande wa kidole cha mwisho, na kiganjani zote mbili hukutana tena. Moja ikiziba, vidole huendelea kulishwa na nyingine. Bila mpangilio huo, madaktari wasingethubutu kuugeuza mshipa wa kifundo cha mkono kuwa mlango wa kuingilia moyoni.

Mgonjwa wa Korogwe anayebanwa na kifua huanzia hospitali ya Magunga. Wa Handeni huanzia hospitali ya wilaya yake. Wakihitaji uchunguzi wa mishipa ya moyo, rufaa huweza kuwafikisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Huko, mrija mwembamba uitwao katheta, ambao kipenyo chake mara nyingi ni milimita 2 hivi, hupitishwa ndani ya ateri hadi penye moyo. Dawa maalumu humwagwa kupitia mrija huo, picha za eksirei zikaonyesha palipoziba, na pakihitajika kuzibuliwa, huzibuliwa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa uwe wazi. Mgonjwa huwa macho, ngozi tu ndiyo iliyotiwa ganzi.

Mlango wa kuingilia umebadilika mara kadhaa. Mason Sones, aliyeanzisha upigaji picha wa mishipa ya moyo huko Cleveland mwaka 1958, aliukata mkono karibu na kiwiko. Mwaka 1967 Melvin Judkins akaieneza njia ya kinena, nayo ikatawala kwa miongo. Lucien Campeau wa Montreal ndiye aliyechapisha mwaka 1989 taarifa za wagonjwa 100 aliowapitia kwenye ateri ya radiali. Miaka mitatu baadaye Ferdinand Kiemeneij akaanza kuzibua mishipa kwa njia hiyo mjini Amsterdam.

Kwa nini kinena kikapoteza nafasi? Damu. Ateri ya pajani ni kubwa na imezama, na ikivuja, damu inaweza kukusanyika ndani ya tumbo kabla mtu hajaona dalili yoyote. Ya kifundo cha mkono iko juu juu, mfupa uko chini yake, na hubanwa kwa kidole. Utafiti wa MATRIX, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kufuatilia wagonjwa 8,404 wa mshtuko wa moyo na hali zinazokaribiana nao barani Ulaya, ulionyesha kuwa waliopitiwa mkononi walivuja damu kidogo zaidi, na waliofariki walikuwa asilimia 1.6 wakilinganishwa na 2.2 wa kinena. Kuna pia faida ambayo takwimu haziigusi: aliyepitiwa mkononi huketi mapema na kwenda msalani mwenyewe, badala ya kulala chali kwa saa kadhaa.

Kati ya radiali na ulna, ushindani si wa wazi hivyo. Radiali hupapaswa kwa urahisi, lakini ina tabia ya kukaza ghafla ikiguswa, na baada ya kazi inaweza kuziba kabisa. Ndiyo maana daktari huingiza dawa ya kuilegeza pamoja na heparini ya kuzuia damu kuganda. Ulna imejificha zaidi, haina mfupa mzuri wa kubanwa juu yake, na neva imelala ubavuni mwake. Sindano ikikosea kidogo, mgonjwa huruka.

Watafiti wa Ugiriki walizilinganisha mwaka 2013, wakausimamisha utafiti kabla ya wakati kwa sababu walioanzia ulna walilazimika mno kuhamia mshipa mwingine. Kisha mwaka 2016, kutoka Ajmer nchini India, wagonjwa 2,532 wakaonyesha ulna haiko nyuma ya radiali. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mikono ya madaktari: wale wa Ajmer walikwisha kuizoea ulna. Kwa hiyo swali la mshipa upi ni bora halina jibu mpaka ijulikane nani anashika sindano. Pale ambapo wataalamu wamefunzwa kwa radiali, ni busara kuanzia hapo na kuiweka ulna kama akiba. Lakini kuikimbilia ulna ya mkono ambao radiali yake imeziba kunataka tahadhari kubwa, maana ndiyo pekee iliyobaki.

Figo nazo zina neno. Shinikizo la damu na kisukari huharibu moyo na figo kwa pamoja, na mgonjwa wa leo wa moyo anaweza kesho kuhitaji kusafishwa damu. Tangu mwaka 1966, njia inayopendelewa ya kusafishia ni kuunganisha ateri ya radiali na vena ya jirani. Iliyoziba kwa sababu ya katheta haifai tena kwa kazi hiyo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu amweleze daktari mapema.

Kiemeneij hakuishia hapo. Mwaka 2017 alieleza namna ya kuingilia radiali mbele zaidi, katika kile kishimo cha chini ya gumba ambamo wanusa ugoro humwagia tumbaku yao. Mshipa hapo ni mwembamba zaidi na ni mgumu kutoboa, ila ukiziba hapo, damu ya kiganjani huwa imekwisha kupata njia ya pembeni.

Anayerudi Handeni au Korogwe na plasta mkononi asishike jembe wala kubeba ndoo kwa mkono huo kwa siku kadhaa. Damu ikichuruzika, abonyeze pale pale kwa nguvu, akae, na atafute msaada. Vidole vikipoa, vikififia rangi au kufa ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.