Upasuaji wa Ugonjwa wa Cushing: Usiiache Kliniki

Mgonjwa wa Cushing akishafanyiwa upasuaji wa tezi ya pituitari, swali lake la kwanza huwa: "Daktari, nimepona?" Vipimo vya siku chache za mwanzo hutoa matumaini, lakini jibu kamili hutolewa na miaka.

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere, nayo imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ikiota uvimbe unaotoa homoni ya ACTH kupita kiasi, tezi za adrenali zilizo juu ya figo nazo humwaga homoni ya kotisoli bila kipimo. Uso huviringika, tumbo hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, ngozi huchubuka kirahisi, shinikizo la damu na sukari hupanda, mifupa hudhoofika. Daktari wa upasuaji Mmarekani, Harvey Cushing, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1932. Dalili kama hizi huweza pia kuletwa na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, zikiwemo krimu kali za ngozi. Wanaozipata kwa njia hiyo hawahitaji upasuaji. Wanahitaji daktari wa kuwapunguzia dawa hatua kwa hatua.

Upasuaji hupitia puani. Uvimbe mara nyingi haufiki milimita 10, na mwingine hauonekani hata kwenye MRI. Mikononi mwa daktari bingwa aliyeuzoea, wagonjwa 8 hivi kati ya 10 wenye uvimbe mdogo hupata nafuu kamili. Uvimbe ukiwa mkubwa, nafasi hiyo hupungua.

Baada ya hapo huja kipindi kinachowachanganya wengi. Uvimbe ukiondolewa, kotisoli hushuka ghafla, kwa kuwa seli zenye afya za pituitari zilikuwa zimelazwa na wingi wa homoni hiyo kwa miaka. Mgonjwa huamka viungo vikimuuma, hana hamu ya kula, ngozi inabanduka, ngazi chache zinamshinda. Hudhani upasuaji umeharibika, kumbe kushuka huko ndiyo ishara njema. Hupewa vidonge vya haidrokotisoni mpaka mwili uanze tena kujitengenezea kotisoli, na kwa kawaida hilo huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Asiviache kwa uamuzi wake. Akipata homa kali, dozi huongezwa kama daktari alivyomwelekeza. Akitapika asiweze kumeza, akimbizwe hospitali achomwe sindano, maana upungufu wa ghafla wa kotisoli huua. Watu wa nyumbani walijue hili, na mgonjwa atembee na kadi inayolieleza.

Miaka inayofuata ina mengi ya kufurahisha. Uzito hupungua, sukari na shinikizo hushuka, mifupa hujijenga taratibu. Hata hivyo, si kila kitu hurudi kilivyokuwa. Wapo wanaobaki na shinikizo la damu, uchovu, huzuni au usahaulifu hata kotisoli ikiwa sawa. Hayo ni mabaki ya ugonjwa, si uvivu, nayo yatibiwe. Hatari ya maradhi ya moyo pia huhitaji kuangaliwa kwa muda mrefu.

Kisha kuna kurudi kwa ugonjwa. Tafiti mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 5 na 35 ya waliopata nafuu huugua tena, wengine baada ya zaidi ya miaka 10. Kipimo kinachotangulia kuonyesha mabadiliko mara nyingi ni cha kotisoli kwenye mate yanayochukuliwa usiku, kama saa 5, wakati ambapo kwa mtu mwenye afya homoni hii huwa chini kabisa. Mate hukusanywa nyumbani, bila sindano. Ugonjwa ukirudi, zipo njia: upasuaji wa pili, mionzi, dawa za kuzuia kotisoli, au kuondoa tezi zote mbili za adrenali. Ukigunduliwa mapema, madhara yake hayajapata nafasi ya kuota mizizi upya.

Kwa hiyo, wewe uliyefanyiwa upasuaji huu, nenda kliniki ya homoni kila mwaka, maisha yako yote, hata unapojisikia mzima. Na ukiona uso unaanza kujaa tena au mikanda ya suruali inabana bila sababu, usingoje tarehe ya miadi.