Mashine Haijui Mkono na Majani

Jioni moja niliitwa boma moja upande wa Othaya. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa imeziba, na mwenye boma alikuwa amechutama mbele ya bomba la kutolea, mkono wake umeshaingia ndani hadi kifundoni.

"Umezima, mzee?"

"Nimezima kitambo, fundi. Si unasikia kumenyamaza?"

Kulikuwa kimya kweli. Ila nyuma ya lile bati gurudumu la visu lilikuwa bado linazunguka, polepole, bila kelele, kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka. Nilimshika bega nikamvuta. Alianza kunikemea, kisha akasikia kisu kikigonga majani yaliyobanwa, tap, halafu tap tena, akanyamaza.

Kutoka Mukurwe-ini hadi Karatina, kutoka Tetu hadi Kieni, hapa kwetu Nyeri, ng'ombe wengi wa maziwa hawaendi malishoni. Majani ndiyo huwafuata zizini. Mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hadi yamebaki vipande, na nepia, majani ya ng'ombe, hupandwa kwenye kingo za matuta, popote penye nafasi. Ikikatwa vipande vya sentimita mbili na nusu hivi, ng'ombe hula shina na jani pamoja. Ukimtupia nzima huchagua laini na kukanyaga iliyobaki. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya panga. Leo ni ya mashine: ya umeme kwa mwenye laini ya kutegemeka, ya petroli kwa wengine wote. Nitasema juu ya hii ya petroli, maana ndiyo inayoletwa kwangu juu ya pikipiki, imefungwa kwa mpira.

Ina ndugu yake ng'ambo. Jamaa zetu wanaoishi Minnesota au Boston, huko ambako theluji hulala mlangoni, wana mashine ya petroli inayoikomba theluji kwa vyuma vinavyozunguka na kuirusha kando kwa bomba. Sisi theluji tunaitazama tu kwa mbali, kwenye kilele cha Kirinyaga (Mlima Kenya) asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini balaa la mashine hizi mbili ni moja. Theluji yenye majimaji huziba bomba, mtu huzima injini, hutia mkono, na chuma kilichobanwa huku mkanda ukiwa bado umekivuta huruka mara kinapofunguliwa. Tofauti ni kwamba ile ya wenzetu huwa na wenzo ambao mtu akiuachia tu, vyuma husimama, na nyingi za siku hizi huuzwa zikiwa na kijiti cha kuzibulia kilichobanwa ubavuni. Za kwetu, hasa zinazochomelewa kando ya barabara, hazina hili wala lile. Breki ni akili ya anayeitumia, na akili ya saa moja jioni, ng'ombe wakilia na giza likiingia, si ya kutegemewa sana.

Hebu tupige hesabu. Gurudumu lenye visu viwili likizunguka mara 900 kwa dakika, hukata mara 1,800. Kila mkato ukiwa wa sentimita 2.5, rola za kuvutia majani zinameza nepia mita 45 kwa dakika, yaani sentimita 75 kila sekunde. Kutoka ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kiwiko ni kama sentimita 45. Hiyo ni sekunde 0.6. Ubongo peke yake unahitaji kama robo ya sekunde kutambua kwamba kuna jambo, na baada ya hapo mkono ujaribu kujinasua kutoka kwa rola zilizotengenezwa makusudi zisiachie. Kwa hiyo mtu anaponiambia yeye ni mwepesi, huwa namwomba aje anioneshe wepesi huo kwa shina la nepia, tuone nani atashinda.

Ndiyo sababu mdomo wa kulishia lazima uwe mrefu kuliko mkono. India, ambako wakulima wengi walipoteza mikono kwenye mashine za kupura nafaka, ilitunga sheria ya mashine hatari mwaka 1983, na vipimo vyao vya mashine hizo vinataka mfereji wa kulishia usiopungua sentimita 90, nusu yake iliyo upande wa visu ikiwa imefunikwa juu. Chukua futi yako ukapime wa kwako. Nimeona wa sentimita 40. Ukiwa na mfupi, mchomeleaji yeyote wa jua kali atakuongezea bati kwa kazi ya asubuhi moja, na utakuwa umenunua usalama zaidi kuliko wa glavu za aina yoyote. Glavu pana, tena, zisikaribie pale. Hushikwa kabla ya kidole.

Sasa kuiunganisha. Mashine nyingi hufika ikiwa vipande viwili, kikatio na injini, na makosa mengi huzaliwa siku hiyo ya kwanza. Injini mpya husafirishwa bila oili. Mkulima mmoja aliniletea injini ya siku mbili iliyoganda kabisa, kwa sababu muuzaji alimwambia kila kitu kimo ndani. Hakikuwamo. Injini hizi ndogo za nguvu za farasi 5.5 hadi 7 hubeba kama lita 0.6 tu, na hupimwa zikiwa zimekaa sawasawa, kijiti kikichomekwa bila kuzungushwa kwenye nyuzi zake. Ukikikaza kwanza ndipo usome, utadanganyika kwamba imejaa.

Kikatio kifungwe kwenye sakafu ya zege au kwenye fremu nzito ya chuma, kisitembee. Puli mbili ziwe kwenye mstari mmoja: nyosha uzi kutoka ukingo wa moja hadi wa nyingine, uguse zote bila kupinda. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uzame sentimita moja au moja na nusu. Halafu weka kifuniko cha mkanda, kile kile ambacho wengi hukitupa nyuma ya stoo kwa kuwa "kinapiga kelele." Kama unaajiri kijana wa kukukatia majani, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari zinazozunguka zizibwe, na wewe ndiwe mwajiri.

Bolti za visu ziangalie kichwani. Zinazofaa zimepigwa chapa ya 8.8. Bolti laini za dukani, zile za kufungia mabati na vitanda, hukatika ghafla, na kisu kinachochomoka kwenye gurudumu linalozunguka mara 900 hakichagui pa kwenda.

Halafu kuna ugonjwa wa puli. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika; puli ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 12 kwenye kikatio hupunguza mwendo mara nne, tunapata zile 900. Mtu hukuta kazi inakwenda polepole, akabadilisha puli ndogo akaweka ya inchi 5. Gurudumu sasa linazunguka mara 1,500. Mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili, lakini nguvu inayotaka kulipasua gurudumu na kung'oa visu huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo imekuwa karibu mara tatu. Aliyelisubu gurudumu hakuliandaa kwa mzigo huo.

Na kwa nini kazi inakwenda polepole? Hapa ndipo milima inapoingia. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Nyeri uko kwenye mita 1,750 hivi. Injini iliyoandikwa farasi 7, ambayo ingekuwa na farasi 7 kule Mombasa, hapa ina kama 5.6. Nanyuki na Naromoru ni pungufu zaidi. Juu ya hayo, kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huku hutia petroli nyingi kuliko hewa: plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, moshi unatoka mweusi, injini inakohoa ikipewa mzigo. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta, kitu cha bei ndogo, na kununua injini kubwa kidogo tangu mwanzo. Injini iliyochoka hulemewa na nepia nene, gurudumu linapunguza mwendo, visu vinatafuna badala ya kukata, bomba linaziba. Likishaziba, tumerudi Othaya, mkono ndani.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, na ndilo linalonifanya nizungumze juu ya jeti na visu katika makala ya usalama. Wengi wa niliowaona wamekatwa hawakukatwa mashine ikikata vizuri. Walikatwa wakiizibua. Kila kinachopunguza kuziba kinapunguza vidole vinavyopotea.

Kwa hiyo noa. Watu huogopa kisu kikali na kukionea huruma kilichobutuka, kumbe kilichobutuka ndicho kinachokuita utie mkono. Nepia iliyokomaa ina mchanga na shina kama mwanzi, basi usingoje hadi majani yaanze kutoka yamechanika kama kamba. Noa upande wenye mteremko tu, visu vyote kwa kiasi kimoja, kisha viweke kwenye mizani ya duka: kimoja kikiwa kizito kuliko kingine, gurudumu litatetemeka na beringi zitakwisha. Ukivirudisha, pengo kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia liwe chini ya milimita moja. Zungusha gurudumu kwa mkono kupitia mkanda, plagi ikiwa imechomolewa, ukilisha kipande cha gazeti. Likikatwa safi, umemaliza. Likikunjwa na kupita, sogeza tena.

Kuhusu injini: badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Ukikata majani saa moja kwa siku, hiyo ni miezi mitatu na kidogo. Chujio la hewa ndilo linaloumia zaidi kwa sababu ya makapi. Sifongo lake lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke, lilowekwe oili safi, likamuliwe. Pengo la plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Mashine ikikaa zaidi ya mwezi, funga petroli na uiache injini ijizime yenyewe. Petroli iliyolala ndani ya kabureta hugeuka gundi.

Petroli yenyewe haimiminwi injini ikiwa moto. Silansa huwasha mvuke kabla hujaona kimiminika. Na ile chupa ya soda iliyojaa petroli, inayokaa rafu moja na chupa ya mafuta ya kupikia, sitaki hata kuisemea.

Baridi ya Juni na Julai, ile tunayoiita gathano, ina hatari mbili za hapa kwetu. Watu hufunga mlango wa banda wakaiwasha mashine ndani, na moshi wa injini una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani anasinzia. Pia watu huvaa. Koti kubwa la mtumba, skafu, sweta yenye mikono mirefu kuliko mikono, shuka juu ya hayo yote. Kwenye mdomo wa mashine hiyo ni kamba ya kukuvutia ndani. Vua koti, kunja mikono hadi juu ya kiwiko, funga nywele, kisha vuta kamba ya kuwashia. Utapata joto haraka. Watoto wakae nje ya banda, hata yule anayependa kukupa mafungu. Kila fungu lifunguliwe na kutazamwa: nimeshatoa ndani ya kikatio mawe, waya wa seng'enge, na siku moja panga zima lililosahauliwa shambani katikati ya nepia.

Mashine ikiziba, kama gia yako ina ya kurudi nyuma, rudisha rola nyuma kwanza. Isipofunguka, zima, chomoa kofia ya plagi uiweke mbali, simama ungoje gurudumu litulie, halafu ondoa mkanda kwenye puli. Gurudumu zito huweza kuzunguka nusu dakika au zaidi baada ya injini kunyamaza, na mara nyingi halisikiki. Mimi huwaambia watu wachore mstari mweupe wa rangi kwenye gurudumu na kukata tundu dogo lenye wavu kwenye bati, ili waone kwa macho kwamba limesimama. Masikio yanadanganya.

Na kama ajali imeshatokea, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, usilegeze. Kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Nyama yenyewe isiguse barafu. Mgonjwa na mfuko waende pamoja hospitali kubwa iliyo karibu.

Baada ya yote hayo bado majani yaliyobanwa yanahitaji kutolewa, na hapo pana mti. Si chuma, maana chuma kikikutana na kisu vyote viwili vinaruka. Mti wa mita moja na kitu, umetobolewa mwisho na kufungwa kwa kamba kwenye fremu ili usipotee wakati unapouhitaji. Wa yule mzee wa Othaya niliukata mwenyewe jioni ile, mkaratusi mbichi, tukiwa tunangoja gurudumu lisimame. Nilipopita tena kumbadilishia mkanda ulikuwa bado umening'inia pale pale, mfupi kidogo. Ncha yake ilikuwa imekatwa mara tatu.